Mchezea Kwao Hutuzwa: Harry Martinson na Tuzo Iliyomfunika

Oktoba 1974 Akademi ya Uswidi ilitangaza kwamba Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka huo wangegawana watu wawili, Eyvind Johnson na Harry Martinson. Wote wawili Waswidi, na wote wawili wanachama wa Akademi hiyohiyo yenye viti 18, inayokaa Stockholm kuamua nani apewe. Ndiyo Akademi ambayo mwaka 2021 ilimtuza Abdulrazak Gurnah, mwana wa Zanzibar. Mwaka ule wa 1974 majina ya Graham Greene na Vladimir Nabokov yalikuwa midomoni mwa watu, na wote wawili waliondoka duniani bila kuipata. Kwetu tunasema mchezea kwao hutuzwa, na aghalabu tunalisema kwa furaha, ngoma ikiwa imekolea. Wahakiki wa magazeti ya Uswidi walisema jambo hilohilo kwa maneno yao, ila wao walikuwa wamenuna.

Imepita nusu karne, na hadi leo ukilitaja jina la Martinson kwa mtu aliyesoma historia ya tuzo hizi, atakuletea kwanza ile kashfa, kisha namna alivyokufa. Vitabu huja mwisho, kama vinakuja. Mimi nashikilia kwamba Akademi ilikosea utaratibu, haikukosea mwandishi. Tena nashikilia kwamba kazi zake mbili kubwa, riwaya ya utotoni ya 1935 na utenzi wa chombo cha angani wa 1956, ambazo wahakiki hupenda kuzitenganisha kana kwamba zimeandikwa na watu wawili, zinaeleza mkasa mmoja: mtu ameng'olewa kwao, anajua hakuna kurudi, na bado lazima aishi na watu ambao hakuwachagua.

Alizaliwa tarehe 6 Mei 1904 huko Jämshög, jimbo la Blekinge, kusini mwa Uswidi. Baba yake alifariki mwaka 1910 kwa kifua kikuu, mtoto akiwa hajatimiza miaka sita. Muda si mrefu mama naye akapanda meli kwenda Marekani, akawaacha Harry na dada zake. Hakuwa peke yake katika safari hiyo. Zaidi ya Waswidi milioni moja walivuka Atlantiki katika miongo ile, maana Uswidi tunayoisikia leo kwa utajiri na huduma bora ilikuwa nchi ya mawe, njaa na mashamba madogo. Watoto walioachwa wakawa mzigo wa parokia.

Hapa inafaa tutulie kidogo, kwa sababu bila kuelewa utaratibu huu huwezi kumwelewa Martinson. Parokia ilikuwa na wajibu wa kisheria wa kuwalisha maskini wake. Njia iliyotumika sehemu nyingi ilikuwa mnada, lakini mnada wa kinyumenyume. Wakulima walikusanyika, mtoto au mzee asiye na mtu akaletwa mbele yao, na bei ikateremka badala ya kupanda. Aliyekubali kumchukua mtoto kwa malipo madogo kuliko wenzake ndiye aliyeondoka naye. Fikiria hesabu ya mkulima huyo: kila sahani ya uji inapunguza faida, kila saa ya mtoto shambani inaiongeza. Hakuhitaji kuwa na roho mbaya ili amtese mtoto. Utaratibu wenyewe ulikwisha kumpangia. Sheria ya kuwahudumia maskini ya mwaka 1918 ndiyo iliyoupiga marufuku mnada huo. Kufikia hapo Harry alikuwa na miaka 14, ameshapitia nyumba kadhaa na ameshatoroka zaidi ya mara moja.

Mwaka 1920 alifika baharini. Miaka saba alizunguka na meli, akitia makaa kwenye matanuri na kufanya kazi yoyote iliyopatikana, akishuka na kuhangaika nchi kavu kwa vipindi, Brazili na India zikiwamo. Mapafu yakamgomea, akarudi nyumbani mwaka 1927 akiwa mgonjwa na bila shilingi. Elimu yake ya shule ilikuwa ya kuungaunga. Miaka miwili baadaye alichapisha diwani yake ya kwanza, Spökskepp, na mwaka huohuo wa 1929 akatokea katika mkusanyo wa waandishi vijana watano ulioitwa Fem unga, pamoja na Artur Lundkvist, Gustav Sandgren, Erik Asklund na Josef Kjellgren. Kizazi hiki ndicho kilichoiingiza sauti ya vibarua katika fasihi ya Kiswidi kwa kishindo. Wao hawakuandika habari za wafanyakazi kama wageni waliokuja kutazama, walikuwa wafanyakazi.

Mwaka uleule alimwoa Moa, mwanamke aliyemzidi miaka 14, mjane, mwanaharakati, aliyekwisha kuwapoteza watoto wawili wa kiume waliozama ziwani mwaka 1925. Walikutana kupitia Brand, gazeti la waanarki, yaani watu wanaopinga utawala wa dola. Wakaishi Johannesdal, kusini mwa Stockholm, katika nyumba ya Moa. Sitaki kumgeuza mama huyu kuwa tanbihi ya mumewe, kwa kuwa alikuwa mwandishi kamili. Riwaya yake ya kwanza, Kvinnor och äppelträd, ilitoka mwaka 1933, na wasomaji wa kawaida wa Uswidi wanampenda hadi leo, pengine kuliko wanavyompenda Harry. Akademi haikumpa hata kiti. Lakini ukitazama orodha ya miaka ile ya ndoa, kuanzia diwani ya Nomad ya 1931, vitabu vya safari Resor utan mål na Kap Farväl!, hadi zile riwaya mbili za utoto, unaona kwamba sehemu nzuri ya nathari ya Martinson iliandikwa chini ya paa la Moa, kwa subira ya Moa. Waliachana mwaka 1940.

Riwaya ya kwanza kati ya hizo mbili ni Nässlorna blomma, yaani upupu unachanua. Mimi naiweka juu kuliko kitabu chake kingine chochote, na najua wengi watanipinga kwa kuwa kitabu mashuhuri ni kingine. Mhusika mkuu ni Martin, mtoto wa parokia anayehamishwa shamba hadi shamba. Mwandishi yeyote mwenye historia kama ile angeweza kutuandikia kitabu cha machozi, malaika mdogo mikononi mwa majoka. Martinson amekataa. Martin wake ni mtoto mwenye hila. Anajipendekeza. Anasema uongo. Kila anapofika nyumba mpya ana kauli yake tayari, kwamba baba amekufa na mama yuko California, na anaitoa akijua itaamsha huruma, naye anazisoma nyuso za watu kuona imefanya kazi kiasi gani. Ni taaluma ya kuishi. Mtoto asiye na mtu lazima ajifunze haraka nani anapenda kusifiwa, nani anapenda unyenyekevu, nani anataka kicheko, kwa sababu chakula kinategemea hilo.

Ukali wa kitabu uko hapo. Mwandishi anamtazama mtoto aliyekuwa yeye bila kumsamehe upesi, na hapohapo anatuonyesha kwamba tabia hiyo mbovu ameifinyanga nani. Hata mapenzi yanapomjia Martin, yanamjia mahali pasipotarajiwa, katika nyumba ya maskini ambako wazee wasio na jamaa wanasubiri kufa. Msimamizi wa nyumba ile, Bi Tyra, ndiye anayegeuka kitovu cha dunia yake, na kifo cha Bi Tyra ndicho kinachomvunja. Hakuna hotuba ya siasa ndani ya kurasa hizo, na sijui hotuba gani ingefanya zaidi. Sehemu ya pili, Vägen ut ya 1936, ni nzuri lakini imelegea. Mwandishi ameanza kueleza mambo ambayo mwanzo alituachia tuyaone wenyewe.

Kuhusu siasa hasa, alipita njia waliyopita wengi wa kizazi chake. Mwaka 1934 alikwenda Moscow, pamoja na Moa, kwenye kongamano la waandishi wa Sovieti, akarudi imani imepungua. Vita vya majira ya baridi vilipozuka kati ya Sovieti na Ufini mwaka 1939 alijitolea upande wa Wafini, kisha akaandika kitabu kuhusu hayo, Verklighet till döds. Wenzake wa mrengo wa kushoto hawakusahau. Baada ya hapo alijielekeza zaidi kwenye nyasi, wadudu, maji na nyota. Insha zake za mwishoni mwa miaka ya 1930 zina uangalifu wa mtaalamu wa mimea na wepesi wa mshairi. Kuna waliosema amekimbilia porini. Lakini soma Vägen till Klockrike, riwaya ya 1948, uone kama amekimbia. Bolle ni fundi wa kusokota sigara kwa mkono, mashine zinakuja, ujuzi wake hauna bei tena, naye anaingia barabarani kuwa mzururaji. Uswidi wakati huo ilikuwa na sheria ya uzururaji ya mwaka 1885, na asiye na kazi wala makao angeweza kukamatwa na kupelekwa kufanya kazi za shuruti. Wasomaji wa miji yetu wanaijua vizuri sheria ya namna hiyo. Martinson anatembea na watu hawa mlango hadi mlango, anaonyesha hofu ya mwenye nyumba na hofu ya mwombaji zikitazamana kizingitini, na hatetei uvivu wala hasifu kazi. Anauliza tu kwa nini mtu anayetembea awe ni kosa.

Mwaka uliofuata, 1949, Akademi ya Uswidi ilimpa kiti namba 15. Mtoto wa mnada, aliyejisomea mwenyewe, ameketi miongoni mwa maprofesa. Hakuna mwandishi wa tabaka lake aliyewahi kufika pale kabla yake.

Sasa Aniara, ule utenzi wa chombo cha angani. Mwaka 1953 Martinson alitazama kwa darubini galaksi ya Andromeda, na mwaka huohuo Wasovieti walijaribu bomu lao la haidrojeni baada ya Wamarekani kufanya lao. Mambo haya mawili yaligongana kichwani mwake. Nyimbo 29 za kwanza alizitoa mwaka huo ndani ya diwani ya Cikada, na mwaka 1956 ukatoka utenzi mzima wenye nyimbo 103. Sputnik, satelaiti ya kwanza, ilikuwa bado haijaruka. Ilibaki mwaka mmoja.

Kisa kinaelezeka kwa sentensi chache. Dunia, ambayo humo inaitwa Doris, imechafuliwa na mionzi. Vyombo vikubwa vinahamisha watu kuwapeleka Mirihi na kwingineko. Aniara imebeba watu 8,000. Njiani inakwepa asteroidi, inatoka kwenye njia yake, usukani unaharibika, na kuanzia hapo inaelekea kundinyota la Kinubi bila uwezo wa kugeuka wala kusimama. Ndani mna chakula, mna hewa, mna kumbi za kucheza. Kinachokosekana ni mahali pa kufika.

Chomboni mna mashine iitwayo Mima, inayonasa picha na sauti kutoka kila upande wa anga na kuwaonyesha abiria. Wanaikimbilia kama waumini. Msimulizi wetu ndiye mhudumu wake. Siku moja Mima inaonyesha mji wa Dorisburg ukiteketezwa huko duniani, na mashine, iliyoundwa kuona ukweli na kuutoa ulivyo, inashindwa kuubeba. Inakufa kwa huzuni. Kamanda Chefone anatafuta wa kulaumiwa, msimulizi anatiwa ndani, na abiria wanabaki na giza la madirisha. Madhehebu ya ajabu yanazuka, ngono inageuzwa ibada, hesabu zinafanywa upya na upya. Kuna wimbo mmoja, wa 13, ambamo mwanafalaki mkuu anawaeleza abiria mwendo wao kwa mfano wa kipovu kilichonaswa ndani ya bakuli la kioo: kinasogea, lakini itachukua miaka elfu kuona kimesogea. Sijui maelezo ya ukubwa wa anga yaliyonitisha zaidi ya hayo, na hayana tarakimu hata moja ya kujivunia.

Siku hizi Aniara inasomwa kama unabii. Kila kizazi kinapachika janga lake: kwanza bomu la nyuklia, sasa tabianchi. Filamu ya 2018 ya Pella Kågerman na Hugo Lilja imeusukuma usomaji huo mbele zaidi, wakati opera ya Karl-Birger Blomdahl ya 1959 ilikuwa bado na kivuli cha bomu. Siupingi. Martinson mwenyewe aliogopa kwa dhati, na alikuwa akililia mazingira kabla halijawa jambo la mikutano. Ila nadhani usomaji huo unauacha moyo wa utenzi nje. Rudi kwa Martin na mama yake aliyeko California. Mtoto ana picha ya mtu aliye mbali. Picha hiyo anaishi nayo, anaitumia, anajifariji nayo, hadi siku anayoelewa kwamba hakuna barua itakayokuja kumchukua. Abiria wa Aniara wanafanya jambo hilohilo na Mima kwa miaka. Watu 8,000 ni watoto wa parokia, waliopewa nyumba isiyo yao, chini ya mwenye nyumba asiyewapenda, na picha yao ya nyumbani imezimika. Mtu anayejua hofu hiyo kwa kuisoma tu angeandika hadithi ya sayansi. Huyu aliijua akiwa na miaka sita.

Ndiyo sababu kasoro za utenzi hazinisumbui sana, ingawa zipo. Chefone ni dikteta wa karatasi. Maneno ya kubuni ya kisayansi, na yamejaa, mengine yanachosha hata katika Kiingereza, ambako wengi wetu ndiko tunakomkuta, kwanza kwa toleo la 1963 lenye mkono wa mshairi wa Uskoti Hugh MacDiarmid. Wanawake wengi chomboni ni wachezaji au makuhani wa starehe. Anayesimama kwa miguu yake ni rubani Isagel na mshairi kipofu kutoka Rind. Nyimbo kama 20 zingeweza kuondolewa na utenzi usingeyumba.

Baada ya Aniara mambo yaliharibika upesi kuliko mtu angedhani. Vagnen, diwani ya 1960, iliyojaa wasiwasi kuhusu magari na ustaarabu wa injini, ilipokewa vibaya na wahakiki. Martinson aliumia kiasi cha kuacha kutoa ushairi kwa takribani miaka kumi. Miaka ya 1960 ilikuwa ya Vietnam na mapinduzi. Vijana wasomi, wengi wao watoto wa nyumba zenye vitabu, walitaka mwandishi achukue upande na apige kelele. Mbele yao alikuwa mtu aliyetia makaa, aliyeuzwa mnadani, nao wakamwona mzee wa majani na umande. Sijaona kejeli kubwa kuliko hiyo katika fasihi ya karne iliyopita: fasihi ya tabaka la chini inakosolewa kwa jina la tabaka la chini na watu ambao hawakuwahi kuwa humo. Hata hivyo wahakiki hawakukosea kila kitu. Vagnen ina mashairi mengi yanayohubiri, na mhubiri hakuwa Martinson bora.

Halafu ikaja 1974. Maelezo rasmi ya tuzo yake yalisema ni kwa maandishi yanayonasa tone la umande na kuakisi ulimwengu mzima, na kwa mara moja maneno ya kamati yalikuwa sahihi kabisa. Desemba alipanda jukwaani siku ileile ambayo mwandishi wa Urusi Aleksandr Solzhenitsyn, aliyefukuzwa kwao mapema mwaka huo, alipokea ile ya 1970 ambayo hakuweza kuifuata. Nje ya ukumbi maneno yalikuwa mabaya. Martinson, aliyezoea tangu utotoni kuzisoma nyuso za watu akitafuta kama anakaribishwa, hakuwa na ngozi ya kuyastahimili. Alizama katika sonona, na tarehe 11 Februari 1978 alijiua akiwa hospitalini Stockholm. Eyvind Johnson alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1976. Kusema kwamba magazeti ndiyo yaliyomuua, kama wapenzi wake wanavyosema, ni kurahisisha ugonjwa uliokuwa na mizizi mirefu. Lakini sioni aibu gani ingemkuta mhakiki kama angetofautisha kosa la kamati na kazi ya mtu.

Maana kosa la kamati lilikuwapo, na haikuwa mara ya kwanza. Pär Lagerkvist alikuwa mwanachama wa Akademi tangu 1940 na akapewa Nobel mwaka 1951, kelele hazikufika pale. Tofauti ni nini? Lagerkvist alipewa peke yake, mwaka mmoja tu baada ya riwaya yake ya Baraba kuzunguka Ulaya. Mwaka 1974 walipewa wawili kwa mpigo, wazee, wasiojulikana sana nje, wakati ambapo dunia nzima ilikuwa imeanza kuihoji tuzo kwa nini inaizunguka Ulaya ileile. Akademi ilijifunza. Mswidi aliyefuata ni Tomas Tranströmer, mwaka 2011, miaka 37 baadaye, na hakuwa mwanachama. Kwa mtazamo wangu Aniara peke yake ilistahili tuzo kufikia mwaka 1957, bila kumgawia mtu. Ila kufikia hapo mwandishi wake alikuwa na miaka minane ameshakalia kiti namba 15. Heshima ile ya 1949, iliyomwingiza mtoto wa mnada mezani, ndiyo iliyofanya tuzo yoyote baada yake ionekane imetoka mfukoni mwake mwenyewe.